Milioni Moja na Tatu

Siku ukanda wa mashine ya kufumia ulipokatika na kumvunja mguu mfumaji, kidude cha kuhesabia mizunguko kilisimama kwenye 1,000,003. Hicho ndicho alichokiona kabla ya kuzirai.

Nyumbani, mguu ukiwa kwenye plasta, dawa zilimlegeza kila mchana, na namba ile ikawa inamjia. Iliingia pamoja na mwanga, sifuri zake tano zikielea juu ya kitanda kama mapovu ya sabuni. Akinyoosha mkono, zinamponyoka.

"Wifi, niletee karatasi," alisema siku ya tatu.

Wifi yake, mwalimu wa hesabu, alikuja kumuuguza kwa kuwa mume wa mfumaji alikuwa safarini kikazi. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa miaka sita. Akaileta karatasi na kalamu.

Mfumaji akaigawanya namba ile kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena.

"Hizi nne zinanifuata," akacheka, nusu usingizini. "Nataka kujua namba hii imezaliwa na nani na nani."

Mwalimu akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza. "Ikiwa ni zao la namba mbili, mojawapo haizidi elfu. Basi usiende mbali. Jaribu zile... zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu. Chini ya elfu ziko mia moja sitini na nane."

"Zinaitwaje?"

"Ndiyo hizo nilizokwambia."

"Mwalimu mzima unatafuna maneno?"

Mwalimu akainamisha macho sakafuni: "Namba tasa."

Neno lile lile. Miaka sita nyuma, mbele ya wageni, mwalimu alisema kaka yake ameoa tasa.

"Nilikuita hivyo," mwalimu akasema. "Sijapata amani tangu siku ile."

Mfumaji aliichana karatasi katikati, akamsogezea nusu. "Wewe anzia mia tano kwenda juu. Za chini niachie mimi."

Siku tisa waligawanya. Tarakimu ziliteremka kwenye karatasi kama nyuzi, na mara nyingine mfumaji alisinzia, akaendelea kugawanya ndotoni, akaamka na jibu sahihi. Hatimaye mwalimu akafika 997, ya mwisho. Ilibaki kumi na mbili. Akaweka kalamu chini.

"Ni tasa," mfumaji akasema mwenyewe, taratibu, kama anayeonja chai kujua iwapo imepoa. Neno halikumchoma. Aliyelia ni wifi.

"Nyamaza bwana, utazilowesha hesabu zetu."

Plasta ilipokatwa, wifi alikaa wiki mbili zaidi. Asubuhi alimshika kiwiko wakatembea ukumbini hatua kwa hatua. Jioni walibishana kuhusu redio, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta.