Kituo cha Uzazi Nyumbani kwa Mama Mkwe

Karani wa ofisi ya misaada hakuwa na nia mbaya. Serikali ilikuwa imeleta mfumo mpya wa kompyuta, ili kila msaada kutoka nje ujulikane umetolewa na nani na umefika wapi. Siku ya mafunzo, mwalimu aliwaambia kila mmoja aingize mradi wa uongo kwa mazoezi. Karani akaandika: Kituo cha Afya ya Uzazi. Mfumo ukadai mahali. Akaivuta ramani, akaona paa la bluu analolijua, la nyumba ya mama mkwe wake, akalibonyeza. Penye hali ya mradi akaweka "umekamilika", maana njaa ilikuwa inamuuma.

Mwalimu aliahidi kuifuta miradi yote ya mazoezi. Aliifuta yote isipokuwa huo.

Miezi minane baadaye mkurugenzi aliingia ofisini meno yote nje, karatasi mkononi.

"Wafadhili wamejichagulia wenyewe kwenye ramani mradi wa kutembelea. Wa afya, tena umekamilika kabla ya wakati! Inuka, gari linangoja."

Karani aliisoma ile karatasi, akakuta ni kile kituo chake cha mazoezi.

"Mkurugenzi, kuna jambo dogo..."

"Utaniambia garini."

Garini hakupata nafasi. Mkurugenzi alikuwa akikisifia kituo kwa kiongozi wa msafara, mama mmoja mrefu, mgeni, aliyekaa nchini miaka mingi na Kiswahili chake hakina doa. Karani alijikunyata nyuma akimpigia mama mkwe. Simu iliita mpaka ikachoka.

Sasa, mama mkwe alikuwa anauza kitanda. Kitanda cha mbao nzito, kikubwa kama uwanja. Kwa mwaka mzima alikuwa akimwambia karani amtafutie mnunuzi, na karani akimpiga chenga. Basi alipomwona anashuka kwenye gari kubwa na watu waliovaa suti, alipiga vigelegele.

"Leo mkwe wangu kanitoa kimasomaso! Karibuni, karibuni. Mmekuja kukiona?"

"Ndiyo, mama, tumekuja kukiona," alisema kiongozi, akafungua daftari. "Kina muda gani?"

"Miaka arobaini."

Mkurugenzi alikohoa. Kiongozi alikunja uso. "Tuliambiwa ni kipya."

"Kipya cha nini? Vya siku hizi mwaka mmoja chali."

"Na nani alikigharamia?"

"Marehemu mume wangu. Peke yake, bila msaada wa mtu."

Karani alimkonyeza mama mkwe, wala hakumwona.

"Watoto wangapi wamezaliwa hapa?"

"Sita. Wote wazima, na mmoja ndiye mke wa huyu."

"Sita kwa mwezi?"

Mama mkwe alishika kifua. "Kwa mwezi! Mwanangu, mimi ni binadamu."

Kiongozi aliandika, akakata, akaandika tena. "Kinachukua watu wangapi kwa mara moja?"

"Wanne, wakilala mzungu wa nne."

"Kuna matatizo yoyote?"

"Kinalia kidogo upande wa ukutani. Na kunguni walikuwamo, sikufichi, ila niliwamwagia maji ya moto."

Mkurugenzi aliegemea ukuta.

"Tunaweza kuingia?" aliuliza kiongozi.

"Mtanunua bila kuona? Ingieni, mkitaka mlale kabisa."

Wakaongozana hadi chumbani, wakakizunguka kitanda. Hapo karani akaona hakuna pa kukimbilia.

"Nisameheni," alisema. "Kituo hakipo. Kuna kitanda." Akaeleza yote, tangu siku ya mafunzo mpaka paa la bluu.

Kiongozi aliketi taratibu pembeni mwa kitanda, kikalia. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mkurugenzi alimchungulia kwanza kuhakikisha ni kicheko, ndipo naye akacheka kuwashinda wote. Mama mkwe pekee hakucheka.

"Kwa hiyo hamnunui?"

Kesho yake karani alitaka kuufuta ule mradi, mfumo ukagoma. Mradi ukishakaguliwa haufutiki, unafungwa tu, kwa ripoti iliyosainiwa na msimamizi wake, yaani mwenye nyumba iliyobonyezwa kwenye ramani. Mkurugenzi hakutaka kusikia maelezo.

"Msimamizi si unamjua? Kamtafute."

Jumamosi karani alibisha hodi na kurasa kumi na moja kwapani. Mama mkwe alivaa miwani, akasoma neno kwa neno.

"Hapa umeandika wananchi walishirikishwa. Mimi alinishirikisha nani?"

"Nafuta, mama."

"Na huu uendelevu ndiyo nini?"

"Kwamba kitadumu, mama."

"Hilo liache."

Alisaini kila ukurasa. Karani alishusha pumzi, akainuka kuaga.

"Unakwenda wapi? Vua koti. Jirani kakubali kukichukua, shika huko miguuni."

Walikisukuma mpaka mlangoni, kikakwama nusu ndani, nusu nje. Karani alibaki upande wa ndani hadi alasiri, fundi alipokuja kuung'oa mlango.