Greda Lisilotoa Moshi

Greda jipya lilipoletwa kambini kwetu Mkula, tulikokuwa tunatengeneza barabara, mwaka 1998, maopereta walilidharau siku ile ile. Halikutoa moshi. Sylvanus, aliyepewa kuliendesha, alisimama akilitazama bomba la moshi kama mtu anayemkagua mtoto kichwani kutafuta chawa.

"Mama Aneth," aliniambia, "hili lina nguvu kweli? Buldoza letu likikohoa, hata nyani wa Mang'ula wanajua kazi imeanza."

Nilimweleza. Mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme wa mitambo pale, diploma ninayo, na kueleza ni sehemu ya kazi. Injini ya greda lile ilikuwa na kompyuta ndogo. Kwenye njia ya hewa kulikuwa na sensa, kidude cha kupima hewa inayoingia, ikiipelekea kompyuta taarifa kwa waya mwembamba. Kompyuta nayo iliruhusu dizeli ya kutosha hewa hiyo, isizidi. Dizeli inayozidi ndiyo inayotoka kama moshi mweusi. Waliolitengeneza walitaka hewa ibaki safi.

"Hewa ya nani?" akauliza Sylvanus. "Huku tupo sisi na nyani, na hakuna aliyelalamika."

Mvua ya El Nino ilikuwa imekataa kuondoka. Mpunga ulivunwa umelowa, ukaanikwa ndani ya nyumba, ukachipua kwenye mikeka. Kwa Bwana Wendelin peke yake, msimamizi wetu wa kambi, mpunga ulikauka. Hatukupumua kwa majigambo yake.

"Kandida wangu ana mikono," alituambia kila asubuhi. "Nyie wake zenu wanafuga mpunga, wangu anaukausha mvua inanyesha."

Mpunga huo ulikuwa wa sherehe ya komunyo ya kwanza ya binti yao, Eveline. Tulikuwa tumeshaalikwa wote, na padre pia.

Basi greda likaugua. Taa ya njano iliwaka mbele ya Sylvanus, nguvu zikakata, likawa linatambaa. Kompyuta ilikuwa imekosa taarifa ya hewa, na kompyuta ya namna hiyo ikikosa taarifa inabana dizeli. Inaogopa moshi kuliko inavyoogopa barabara kutokwisha.

Bwana Wendelin hakutaka maelezo, akamgeukia Sylvanus. "Umechezea waya."

"Sijagusa, mzee."

"Taa haijiwashi yenyewe. Jumamosi fundi wa wakala aliyetuuzia greda anakuja na treni kutoka Dar. Akikuta ni uzembe wa opereta, wakala hatatengeneza bure, na wewe utarudi kulima."

Kulima wapi? Shamba la Sylvanus lilikuwa chini ya maji, kambare wanaogelea pale alipopanda. Alikuwa na watoto watano na mama mkwe asiyepungukiwa hamu ya kula. Kazi ile ndiyo iliyokuwa chungu chao.

Alinifuata karakana. "Dada, nisaidie. Kabla ya Jumamosi."

"Umefanya nini kwenye greda?"

"Naliendesha, nalifuta, nalifunika turubai. Nini tena?"

Nilimwamini. Alikuwa anasema kweli, ila hakusema yote.

Ukibonyeza kitufe cha uchunguzi, taa ile ya njano inakonyeza, na kitabu kinakuambia ukonyezo upi ni ugonjwa upi. Ulisema sensa ya hewa. Bwana Wendelin aliagiza sensa mpya kabla sijafungua mkoba wa vifaa. Ikaja, tukaifunga, taa ikawaka vile vile.

"Wametuletea mbovu," akasema. "Agiza nyingine."

"Mzee, ukipiga simu Ifakara isipokelewe, utaanza kulia msiba? Pengine ni waya umekatika njiani."

"Mama, wewe una maneno."

"Nina na mita pia. Nipe nafasi."

Nilichomoa soketi ya sensa nikapima. Umeme wa kuilisha ulikuwepo, volti tano kama inavyotakiwa. Waya wa kurudishia umeme ulikuwa mzima. Ukabaki waya wa tatu, wa taarifa. Niliupima kutoka sensa hadi soketi ya kompyuta, mita ikasema mzima. Hapo ndipo watu wengi hufunga mkoba na kulaumu kompyuta. Lakini greda haliugui likiwa limelala, linaugua likitikisika. Kwa hiyo nilishikilia mita, nikamwambia Sylvanus atikise fungu la waya, kidogo kidogo, kuanzia mbele.

"Polepole! Huo si mpera."

"Nautikisa kama mtoto, dada."

Mkono wake ulipofika chini ya kifuniko cha injini, mita ikaruka. Waya ulikatika na kuungana, ukakatika tena. Tulifungua kifuniko, tukachana bomba la plastiki linalofunika waya. Nje palikuwa pametafunwa. Ndani waya wa taarifa ulikuwa umebaki nyuzi mbili za shaba. Pembeni, kwenye kona yenye joto zuri, palikuwa na kiota cha panya: sponji ya kiti cha Sylvanus, manyoya, makapi, na mpunga.

Nilichukua punje moja nikaitafuna. Kavu kabisa.

"Sylvanus, panya hawa wamepanda greda kutafuta nini?"

Akatazama milimani. "Panya hawasemi, dada."

"Wewe unasema. Sema."

Alisema. Jioni injini ikizimwa, kifuniko chake kinabaki na joto hadi karibu na asubuhi. Alikuwa anatandaza mpunga juu yake na kuufunika kwa turubai, halafu alfajiri, kabla ya watu kufika, anaurudisha kwenye mfuko na kuuficha nyuma ya kiti. Hakuwahi kugusa waya hata mmoja. Alileta chakula tu, panya wakajifanyia mengine.

Nikakaa juu ya tairi. Nilikuwa nimetafuta ugonjwa ili nimwokoe, na ugonjwa wenyewe ulikuwa yeye.

"Mpunga wako umezama," nikamwambia. "Huu ni wa nani?"

Akaanza kukunja turubai.

"Sylvanus!"

"Dada, niache nifukuzwe kwa kosa moja. Nikimtaja mwenyewe yatakuwa mawili."

Nililehemu waya, nikaufunga tepu, nikarudisha kila kitu. Taa ikazimika, greda likanguruma bila moshi. Bwana Wendelin alisikia akaja, miguu imejaa tope.

"Ilikuwa nini?"

"Waya. Umeliwa na panya."

"Panya wamefuata nini kwenye chuma?"

Ningeweza kusema joto. Lakini sikuzoea kutoa nusu ya vipimo. "Mpunga, mzee. Unakaushwa hapa usiku."

Alimgeukia Sylvanus, kidole juu. "Nilisema! Uzembe! Mtambo wa serikali unaugeuza uwanja wa kuanikia! Uko wapi huo mpunga? Leta!"

Sylvanus hakusogea. Ikabidi nipande mimi, nikautoa mfuko nyuma ya kiti chake nikauweka miguuni kwa msimamizi. Pindo la mdomo wa mfuko lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa sweta, mwekundu, mshono wa msalaba mmoja mmoja, safi sana. Kambi nzima tuliujua mshono ule. Ulikuwa kwenye viwiko vya koti la Bwana Wendelin, na alikuwa amelivaa.

Aliutazama mfuko. Akautazama mkono wake. Kidole kikashuka taratibu.

"Hawa panya," akasema, "wamezidi mwaka huu."

"Wamezidi, mzee," akasema Sylvanus.

"Ni mafuriko. Yamewafukuza mashambani."

"Ni mafuriko, mzee."

Fundi wa wakala alipofika alikuta greda liko barabarani. Aliambiwa ni mafuriko, akasifu tepu yangu, akapanda treni. Sylvanus alibaki na kazi yake. Mfuko ulirudi kwa mwenyewe, na kesho yake Mama Eveline alinijia karakana, kanga kichwani, hajui pa kutazama.

"Mama Aneth, lile buldoza la zamani nalo lina waya wa kompyuta?"

"Halina. Lina waya wa kuwashia tu."

"Basi panya hawawezi kuliharibu."

"Hawawezi. Lakini lina moshi, Kandida. Linavuja moshi kila mahali."

"Moshi hauui mpunga," akasema, akaondoka ameridhika.

Komunyo ilifana. Eveline alipendeza. Wali uliletwa kwenye sinia, mweupe, punje moja moja, hakuna mwingine kambini aliyekuwa na wali kama ule. Padre alitia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha, akamtazama mwenye nyumba. Wali ulinuka dizeli kuanzia mlangoni.

Bwana Wendelin alimeza la kwake bila kupepesa.

"Kandida wangu," akasema, "ana mikono."

Sylvanus aliomba aongezewe.