Wakachekee Ukingoni

Kwenye kioo cha rada, doa lilichomoza juu ya vilima, jekundu kama kidonda kilichotoneshwa, na Mama Ndege akahisi shingo ikipata moto. Jina hilo alibandikwa katika ofisi ya hali ya hewa tangu siku alipotangaza mvua kubwa, soko zima likafungasha virago, kumbe rada ilikuwa imenasa kundi la ndege. Hadi leo, akiingia mlangoni, hakosekani mtu wa kupiga mbawa kwa viwiko.

"Wamerudi?" mkuu wa zamu aliuliza, akichungulia kioo cha kompyuta juu ya bega lake. "Wasalimie."

Nje jua liliwaka, anga jeupe pe. Lakini chini ya vilima vile, katika mto mkavu, shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa akisimamia wachimba mchanga. Maji yakishuka huko hayapigi hodi.

Aibu ilimwambia anyamaze. Mkono ukakataa. Akaiinua sahani ya rada itazame juu zaidi. Wimbi hurushwa, hugonga kilichomo angani, na chembe tu ya nguvu yake hurudi na habari. Ndege hupendelea chini. Ukitazama juu, mwangwi wao hufifia. Matone ya mvua kubwa hurundikana hadi juu kabisa. Sahani ikazunguka. Doa halikufifia, lilinona.

"Hii ni mvua, mkuu."

"Hata siku ile uliapa."

"Siku ile sikutazama juu. Leo nimetazama."

"Onyo halitoki hapa bila idhini yangu. Tutachekwa mpaka lini?"

"Mimi nimeshazoea," alisema, akinyanyua simu. "Andika kwamba nimekukaidi."

Shemeji alipokea kwa kicheko. "Shemeji! Huku wingu hakuna hata la dawa. Ndege wanasemaje?"

"Watoe watu mtoni sasa hivi."

"Watanicheka, shemeji."

"Na wacheke. Ila wakachekee ukingoni."

Akamsikia akifoka, makoleo yakitupwa, wanaume wakinung'unika, mmoja akiuliza kama na leo wanahamishwa na kunguru. Mkuu alinyoosha mkono akate simu. Mama Ndege akampa mgongo.

"Haya, tumetoka wote," shemeji alisema, akihema. "Tumepangana ukingoni kama nguo za kuanikwa, jua linatuchoma. Umeridhika? Ngoja. Kuna lori linakuja kutoka huko juu. Linanguruma kweli."

"Shemeji," alisema taratibu, "huko juu hakuna barabara."