Mrija Usiguswe

Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Kituntu nzima hakukuwa na mtu aliyejua kuhasi mafahali kumshinda Rwegoshora. Fahali msumbufu akifikishwa kwake, alirudi zizini maksai, ametulia, amesahau majike. Rwegoshora alipasua mfuko wa korodani, akakata alichokata, mrija ukiwemo, akapaka jivu, basi. Ndiyo maana yeye mwenyewe alipoota busha, alijua hasa kisu cha daktari kingemfanya nini.

Busha lilikua hadi kanzu ikashindwa kulificha. Alitembea ametanua miguu, na waliokutana naye waligeukia migomba wakajikohoza, maana watu wetu wana adabu mpaka mtu apite. Lakini aibu ya njiani ilikuwa nafuu. Nyumbani, yeye na mkewe Kokwijuka walikuwa hawawezi tena kukutana kama mke na mume. Busha limeziba njia. Mtoto hakuna. Kaka zake Kokwijuka, watu wa Igurwa, walikwisha kutuma habari kwamba kahawa ikivunwa wanakuja kumchukua dada yao.

Hospitali ya misheni walikuwa wanapasua mabusha. Kokwijuka alimweleza hivyo mara nyingi, naye kila mara alijibu kwamba yeye si ng'ombe. Siku moja mke akaweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Wakija nitawaambia nini? Mimi sitaki kurudi kwetu. Nakutaka wewe, na nataka mtoto wako."

 Kesho yake Rwegoshora akaenda hospitali.

Alipokewa na mganga msaidizi, Melkiory, kijana mpole wa Muleba, aliyemwamkia shikamoo na kumsikiliza hadi mwisho. Masharti ya mgonjwa yalikuwa mawili: asipewe dawa ya usingizi, na aone kila kitakachokatwa. Daktari alicheka lakini akakubali. Akamchoma sindano ya mgongoni, na Melkiory akapewa kazi ya kushika kioo.

Mfuko ulipofunguliwa, maji yalimiminika kwenye beseni, rangi yake kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochujwa. Chini kulikuwa kumekufa ganzi, lakini Rwegoshora akainua kichwa, akakikodolea kioo macho.

"Mrija usiguswe," alisema.

Melkiory akageuza kioo vizuri, akamweleza pole pole. Kilichojaa maji ni ganda tu lililoizunguka korodani, na ndilo litakalokatwa. Korodani yenyewe ile pale, nyeupe, nzima, na mwenzake yupo upande wa pili. Kazi yao ni kutengeneza mbegu, usiku na mchana, tangu mtu anapobalehe. Mbegu hupanda na mrija hadi tumboni, huko zikachanganyika na maji mengine, kisha hutokea njia ile ile ya mkojo.

"Ta Rwegoshora, wewe kwa fahali hukata nini?" Melkiory aliuliza, akimwita Ta, yaani baba, kwa heshima.

"Vyote."

"Sisi tunakata ganda. Mrija ndio huu. Uangalie."

Aliuangalia. Mwembamba, hauna makuu, na maisha yake yote alikuwa akiukata bila hata kuutupia jicho. Akalia, mtu mzima, wala hakuona haya.

Kidonda kilipona. Kaka zake Kokwijuka walikuja baada ya mavuno, wakanywa rubisi, wakaombwa wavute subira, wakaondoka wananung'unika. Kisha asubuhi moja Kokwijuka alisukuma sahani ya ndizi, akakimbilia nyuma ya nyumba, akarudi anajifuta mdomo.

"Tafuta jina," alimwambia mumewe.

Siku hiyo hiyo jirani yao Mutalemwa akaleta fahali wake mchanga ahasiwe. Akaangushwa, akafungwa miguu. Rwegoshora akapeleka mkono kama siku zote, akapapasa, vidole vikaupata mrija. Akakaa ameushika muda mrefu, kisu kiko majanini. Kisha akafungua kamba, akamwambia Mutalemwa arudi kesho au atafute fundi mwingine, yeye leo hawezi.