Yukata ya Minoru

Kurosu Tetsuji alipobisha asubuhi ile, nilimwona kupitia kioo cha mlango nikatamani kujifanya sipo. Siku hizi ni fundi wa mapaa, lakini zamani aliongoza genge la pikipiki lililowanyima watu usingizi wilaya nzima. Visa vya wahuni ninavyovichora kila wiki gazetini alinipa yeye, kwa sharti moja tu: Minoru, mdogo wake, nimtie hadithini kwa jina lake na nisimvunjie heshima. Sikuwahi kuuliza Minoru mwenyewe anaishi wapi.

Mkononi alishika gazeti la wiki tatu nyuma. Nilijua ukurasa gani umemleta.

Ni ule ambamo Minoru amesimama kwenye sherehe ya kiangazi, amevaa yukata, kimono nyepesi ya pamba, anacheka. Kazi ilikuwa imenibana, nikaugeuza mchoro kwa kompyuta ili atazame upande wa pili, nikasahau kwamba nguo nayo inageuka. Aliye hai hufunga yukata upande wa kushoto ukiwa juu. Wa kulia huwekwa juu kwa maiti. Mimi, mtoto wa mshona kimono, nilimvika kijana wangu sanda na nisione. Wasomaji waliona. Barua zikamiminika, zote zikisema nimedokeza kifo, na mhariri akachekelea. Akasema kosa tamu hivyo halisahihishwi, linafuatwa. Nami, kwa woga wa kufutiwa hadithi, nikamchora Minoru akichomwa kisu. Toleo hilo lilikuwa limekwisha kuchapwa. Lingetoka Jumatatu.

Tetsuji alikunja magoti mkekani, akaniita mwalimu, kwa heshima wanayopewa wachoraji, akaanza kwa sifa, na hilo likanitisha zaidi.

“Mwalimu, mimi shule ilinishinda, lakini ngumi nazijua. Vijana wako wanaogopa kabla ya kupigana. Hapo umetupata. Tumbo linasokota, halafu unajitia simba.”

Nikamshukuru. Nikammiminia chai. Nikamuuliza ubovu wa hadithi ni upi, ili yaishe.

“Hawana mama. Mtu anapasuliwa kichwa leo, wiki ijayo yuko fiti, anatukana watu. Zile nguo za damu anafua nani?”

Miaka sita nimechora wahuni na sijachora hata beseni moja.

Akafungua gazeti, akaweka kidole kinene juu ya kola ya Minoru.

“Huyu yuko kaburini, huu mwaka wa ishirini na tano. Daraja la reli, kisu. Nilikuficha, mwalimu, nisamehe. Mama anakusoma kila Jumatatu. Kwenye hadithi yako mwanawe amefika miaka kumi na tisa, umri ambao kwetu hakuufikia. Alipoiona hii kola akaweka vijiti vya kulia chini, na tangu siku hiyo anakunywa supu tu. Niambie ni kosa.”

“Ni kosa,” nikasema. Ilikuwa kweli tupu.

“Kwa hiyo hafi.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Niliitazama mikono yake juu ya magoti, nikawaza ilivyokuwa ikifanya kazi zamani. Katika toleo la Jumatatu kisu kilimkuta kwenye daraja la reli, nami nililichora bila kuambiwa na mtu.

“Hafi,” nikasema.

Tetsuji akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hakuwa na haraka ya kuinuka. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akaniomba nishuke naye nikamwambie mama mwenyewe, kwani yumo garini. Nilitafuta udhuru, nikasema nguo zangu zina wino. Akasema mama hatajali.

Nilishuka ngazi nikiwa nyuma yake. Mama yake alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyotazamia, ameketi mbele, mkoba mapajani. Akateremsha kioo. Hakuniuliza habari ya kola wala ya kifo.

“Anakula vizuri?” akaniuliza.

“Anakula, mama.”

“Alikuwa mchaguzi sana wa chakula.”

“Siku hizi anakula kila kitu.”

Nilimwogopa bibi yule kuliko nilivyowahi kumwogopa mwanawe. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafungua mkoba, akatoa tonge la wali lililofungwa kwa mwani, akaanza kula mbele yangu, punje kwa punje, mpaka akalimaliza. Ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku mbili.