Fahali ya Wajane

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe, natangaza kwa wakazi wote wa kambi yetu ya polisi, iliyo juu kidogo ya soko la Nakawa jijini Kampala, kwamba katika likizo hii ilizaliwa kazi kubwa ya sanaa, lugha na usafi wa mazingira, na kwamba msanifu wake mkuu, Bingwa wa Mdahalo, Mtaalamu wa Kiswahili Sanifu, alikuwa mimi, Sadik bin Abudu.

Wakati kazi hiyo inazaliwa, Mtaalamu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, suruali imekunjwa hadi magotini, akibandua utumbo wa mbuzi ulioganda ndani ya kaveera.

Kaveera ndiyo mfuko wa plastiki. Ukinunua nyanya sokoni Kalerwe unapewa kaveera, ukinunua mkaa unapewa kaveera, ukinunua kaveera unafungiwa ndani ya kaveera nyingine. Zikishatumika huenda kwenye mitaro, na mvua ikinyesha mtaro hututapikia zote mlangoni. Jirani yetu Mama Oola alikuwa akiziokota. Aliziosha, akazianika kwenye seng'enge kama soksi za askari, akazikata pete pete, akaziunganisha pete hizo zikawa uzi mrefu, kisha akaufuma uzi huo kwa sindano ya kroshia aliyoitengeneza kwa spoki ya baiskeli. Ulitoka mkoba mgumu, wa kubeba hata mawe. Lazima niseme ukweli: ulikuwa mkoba mzuri.

Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani na shule kwa sababu ya kengele ya moto na mkuu wa bweni aliyekuwa anaoga, habari isiyohusiana na hii. Baba yangu, Sajini Abudu, hakutaka kuniona nimekaa. Akaniazima kwa Mama Oola kama mtu anavyoazima toroli.

"Mchukue," alimwambia. "Akikusumbua, mpige. Akinyamaza, mpige zaidi, maana hapo anapanga kitu."

Mama Oola hakunipiga. Jina lake ni Santina, Mwacholi wa Kitgum, mjane wa Koplo Olweny aliyegongwa na lori akiongoza magari. Kambini chumba si cha mtu, ni cha sare. Sare ikizikwa, chumba kinangoja sare nyingine. Konstebo Obura, aliyeoa majuzi, alikuwa ameshaanza kupita mlangoni kwa Mama Oola, akichungulia na kupima kwa macho kitanda chake kitalala upande gani.

"Habari ya asubuhi, mama," alikuwa akisema. "Hapo juu panavuja?"

"Panavuja sana," Mama Oola alikuwa akimjibu. "Panavuja mpaka kwa moyo."

Aliyempa tumaini alikuwa Hajati Shamirah, mke wa mkuu wa kambi na mwenyekiti wa kina mama. Wageni walikuwa wanakuja, wake wa maafisa wa polisi kutoka Kenya na Tanzania, kutazama kazi za wajane wetu. Kila mgeni angepewa mkoba. Wageni wakipendezwa, Santina angefanywa mwalimu wa ufumaji, na mwalimu ni mfanyakazi wa kambi, na mfanyakazi wa kambi ana chumba. Wageni wasipopendezwa, Obura alete godoro lake.

Yote haya alinieleza Mama Oola mwenyewe, tukiwa tunakata kaveera.

"Nikipata hiyo ualimu, naleta mtoto yangu Oola anasoma hapa. Chumba ikienda, naenda wapi? Kule Kitgum shemeji zangu wameshalima mpaka mlangoni."

"Pole, mama," nilisema, na mkasi wangu haukusimama.

Siku chache baadaye Hajati alikuja kutoa agizo. Hajati ni Mganda wa Wandegeya, mama mnene mwenye manukato yanayofika kabla yake. Kiswahili chake, kama cha wengi hapa mjini, kinachanganya l na r.

"Kira mfuko uandikwe maneno," alisema. "Fahali ya Wajane. Kwa langi nyeupe, vizuli, yasomeke mpaka mbali."

Alipoondoka, Mama Oola alinigeukia. Hakuwahi kukaa darasani. Kwake herufi ni mshono tu, kama ua au msalaba.

"Sadik, wewe umesoma. Nichoree hiyo fahari yetu, nifume."

Alisema fahari. Wacholi hawana ugonjwa wa l na r. R yake ilibingirika kama goroli kwenye sahani.

Sasa, wasomaji waheshimiwa, nataka tuelewane. Nilichukua ubavu wa boksi na kipande cha mkaa kwa nia safi kabisa. Lakini asubuhi ile Mama Oola alikuwa amenirudishia kaveera moja mara tatu kwamba bado ina harufu, na wasichana wa nyumba za nyuma walipopita akawaambia, "Mnaona? Hii ndiyo mashine yangu ya kufua. Haitaki umeme, inataka tu posho." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alikuwa msichana ambaye nisingependa acheke.

Nikachora F, nikachora A, H, na A. Mkono ulipofika kwenye herufi ya tano ukasimama, ukafikiri, ukachora L.

Fahari ni utukufu wa mtu, kile anachojivunia. Fahali ni dume la ng'ombe. Sarufi ingedai "fahali wa wajane", lakini mtu anayecheka hakagui sarufi. Na uzuri wa mpango wangu ulikuwa hapa: kambini hakuna ambaye angeliona kosa, kwa sababu wengi husoma kama wanavyosema. Kosa lingeonekana siku moja tu, na wageni tu. Na likionekana, lingeitwa ulimi wa Kampala. Nani aukamate ulimi wa mji mzima?

Mama Oola aliutazama mchoro, akafuatisha L kwa kidole.

"Hii iko rahisi," alisema kwa furaha. "Fimbo na mguu moja. Niliogopa utaniletea ile yenye tumbo na mkia."

Akafuma. Alifuma mpaka vidole vikachubuka, mandharinyuma nyeusi ya kaveera za mkaa, herufi nyeupe za kaveera za mkate. Aliimba akifuma. Mimi nilikuwa nikimkatia uzi huku nimeuma shavu kwa ndani ili nisicheke. Tulipomaliza aliniwekea sahani ya mboga ya malakwang na kiazi kikubwa kuliko chake. Nilikula chote.

Siku ya wageni lilisimamishwa hema, viti vikavalishwa vitambaa, na mshereheshaji, mwenye kipaza sauti na tai ya shule, alikuwa mimi. Nani mwingine? Niliwakaribisha wageni kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Niliona baba yangu amekaa nyuma na kofia yake magotini, akimnong'oneza jirani, na nilijua anasema, "Wangu huyo."

"Na sasa," nikatangaza, "kutoka mikononi mwa fundi wetu, Bi Santina Olweny, naomba tupokee zawadi!"

Mama Oola alitoka na mikoba mikononi kama anayebeba mtoto wa kubatizwa. Alikuwa amevaa gomesi ya kuazima. Akapiga magoti mbele ya mgeni mkubwa, mama mmoja wa Tanga mwenye miwani ya dhahabu, akamkabidhi mkoba wa kwanza, na mingine ikapokezanwa kiti kwa kiti.

Mama wa Tanga aliupokea, akausifu mshono, akauvuta kuona nguvu yake. Kisha akaunyanyua asome. Midomo yake ikatembea polepole. Ikarudi. Kisha kikamtoka kicheko ambacho nadhani hata yeye hakukiruhusu.

"Fahali ya wajane?" alisema. "Yallah! Yuko wapi huyo fahali, jamani, tumwone?"

Wageni wa Kenya wakainama kusoma. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio. Mwingine akasema, "Wajane wa huku wamejipanga!" na viti vyote vya mbele vikaanza kutikisika.

Hajati alikuwa anatabasamu bila kuelewa. "Wanacheka nini?" aliniuliza. Mama wa Tanga akamwambia sikioni, lakini kwa sauti ya mtu anayecheka, na hema zima likasikia.

Hapo askari waliosimama nyuma nao wakaelewa. Konstebo Obura aliweka viganja mdomoni.

"Muuuu!"

"Mama Oola!" mwingine akaita. "Huyo fahali anakula nyasi au anakula posho?"

"Ndiyo maana hataki kutoka chumbani," akasema Obura. "Kumbe kuna mfugo ndani!"

Walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mama Oola alikuwa bado amepiga magoti. Hakuelewa neno, ila alielewa kwamba linamhusu yeye, na chumba chake, na usiku wake. Alianza kuikusanya mikoba kutoka mapajani mwa wageni, mmoja mmoja, akisema "samahani, samahani," na mgeni mmoja akauvuta wake, "Hapana, huu nauweka, mume wangu lazima auone."

Nami? Nilikuwa nyuma ya kipaza sauti, na nilikuwa na furaha kubwa kuliko ile ya kengele ya moto.

Hajati alisimama. Manukato yake yalikuwa yamegeuka jasho.

"Santina! Mimi nimekupa heshima mbere ya wageni, wewe umeniretea ng'ombe? Basi imetosha. Jumapiri Obula achukue chumba."

"Hajati, mimi sijui kusoma," alisema Mama Oola. "Nimefuma kama nilichorewa."

"Umesema vibaya, akachola vibaya. Ulisema nini?"

"Nilisema fahari."

Alisema polepole, na r ikabingirika hemani kote. Mama wa Tanga aliacha kucheka.

"Hebu rudia, dada."

"Fahari. Fahari ya wajane."

"Mbona huyu anasema sawasawa?" mama wa Tanga aliuliza. "Nani alichora?"

Kila mtu alinitazama, pamoja na baba yangu, ambaye alikuwa ameivaa kofia yake. Sikuogopa. Utetezi wangu nilikuwa nao tayari tangu siku niliyochora kwa mkaa. Niliinamisha kichwa, nikaulainisha uso, nikazungumza kwenye kipaza sauti.

"Mtanisamehe, wazazi wangu. Si kusudi. Ni urimi tu. Mimi ni mtoto wa Kampara, na sisi watoto wa Kampara..."

Sikumaliza. Hajati alinisogelea, akakishika kipaza sauti, akakishusha.

"Umesema mtoto wa wapi?"

"Wa... Kampara, Hajati."

"Sema tena."

Nilirudi hatua moja nyuma.

"Mimi nimezaliwa Wandegeya," alisema Hajati, polepole sana. "Mama yangu kazaliwa Wandegeya. Mnatucheka kira siku, eti hatujui l na r. Lakini hakuna Mganda, hata kichaa, hata mtoto wa kunyonya, anayesema Kampara. Urimi ni nini? Sisi tunasema ulimi. Ulimi wetu una njia yake, wewe mtoto. Huijui, unaigiza tu. Na tangu asubuhi umekuwa ukisema karibuni, karibuni, kama ledio!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amekwisha." Baba alikuwa ameshasimama.

"Sadik," alisema. Hivyo tu.

"Nilijua tofauti," nikasema. "Alisema fahari, nikachora fahali. Nilitaka wageni wacheke."

Mama wa Tanga alivua miwani yake, akaupindua mkoba magotini mwake maandishi yaangalie chini. Nilidhani hapo mambo yatarudi mahali pake, kama shuleni, ambako ukikiri unachapwa na kila mtu anaenda kula. Hata mimi nilimtazama Hajati nikingoja.

Hajati alimgeukia Mama Oola.

"Mtoto ametupiga sisi wote," alisema. "Naona si kosa lako, Santina. Lakini kambi nzima imecheka. Kesho watakuita Fahali. Kesho kutwa, Fahali. Mwanamke gani atakaa chini afundishwe na mtu anaitwa Fahali, na bwana yake yuko mlangoni anamsikia? Siwezi. Obula ataingia Jumapiri."

Obura, nyuma, hakulia tena kama ng'ombe. Aliangalia viatu vyake, lakini hakusema kwamba hakitaki chumba.

Mama Oola aliinuka. Aliipangusa gomesi ya watu magotini, akaja mpaka nilipokuwa. Sikuwa nimewahi kumwona karibu hivyo bila beseni katikati yetu. Nilikaza shingo nikingoja kofi, na niliona hata baba analingoja kwa niaba yake.

"Mimi sikuulizi juu ya hiyo herufi," alisema. "Mtoto anacheza. Nakuuliza kitu moja tu. Ile siku unachora, ulikumbuka juu ya chumba?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari, wa kila aina, wenye sarufi nzuri. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa mkononi mwa Hajati, na kilikuwa kinanasa kila kitu.

"Nilikumbuka, mama," nilisema. "Ndiyo sababu mchezo ulikuwa mtamu."