Spana Iliyobaki kwa Mtani

Spana ilikuwa yangu, tuelewane hapo kwanza. Aliniachia baba, fundi bomba kama mimi, na kwa miaka kumi na minne hapa Mkunya sikuwahi kufunga koki bila hiyo. Ni ile mafundi tunayoiita spana malaya: unazungusha kigurudumu chake, mdomo unapanuka au unabana, inashika nati ya saizi yoyote. Wenzangu wakitaka kununua zana, mimi ndiye huwachagulia. Plaizi naifumba, naielekeza juani. Nikiona mwanga kati ya meno, narudisha. Spana naipanua nusu, natikisa taya. Ikicheza tu, hiyo si spana, ni pambo la ukutani.

Basi, mwezi wa tano tulimzika mama mkwe wangu. Si mnawajua watani msibani? Uwesu, mtani wa ukoo wetu, fundi baiskeli, alianza kwa kujilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kitu. Alipotoka akapekua kikapu changu, akaitoa spana, akaifunga kamba na kuivaa shingoni. Akatangaza mbele ya waombolezaji wote, "Mama Ladislaus, hii imekamatwa! Jogoo mmoja, unaichukua."

Watu walicheka, hata wafiwa. Nami ningecheka, nikatoa jogoo, yakaisha. Lakini sikuwa nimelala siku tatu, na hasira zangu mnazijua. Nikamwambia, "Kaa nayo! Sikomboi, hata uzeeke nayo."

Kicheko kilikatika. Mtani hakasirikiwi, na kila mtu aliona nimekasirika kweli. Baada ya hapo nikaona kumpelekea jogoo ni kujidhalilisha. Mimi Veridiana? Thubutu!

Nikateremka Masasi kununua nyingine. Muuzaji alikuwa amebakiwa na moja tu, inang'aa kama sahani ya harusi. "Orijino hiyo, mama," akasema. Nikaipanua, nikatikisa taya. Ikacheza. Niliisikia kwa mkono wangu huu. Akaniambia nyingine zinaingia Jumatatu, kama naweza kusubiri. Nikawaza Uwesu atakavyonicheka nikirudi mikono mitupu, nikasema nipe hiyo hiyo.

Siku mbili baadaye Bibi Pili akaniita. Bibi Pili ni mjane, mguu mmoja hauna nguvu, na marehemu mumewe alimwachia tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Maji ya bomba kwetu huku juu yanakuja yakijisikia. Lile tangi ndilo lilikuwa la kumvusha mpaka mvua za Desemba, na mvua za mwaka huu zilikuwa zimeshakwisha. Koki ilikuwa inadondosha, tone, tone, naye kila tone lilimuuma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitengenezee hilo kabla halijanimaliza."

Karibu na ukuta wa tangi kuna valvu ya kuzuia maji. Mpini wake ulidondoka zamani, kimebaki kichuma cha pembe nne cha kugeuzwa kwa spana. Nikaanza na hicho, kama inavyotakiwa. Kimeshika kutu. Nikakaza, taya likapanuka lenyewe, spana ikateleza. Nikarudia, ikateleza. Fundi mwenye akili angefunga kikapu akaondoka. Mimi nikasema ah, nitabana nati ya koki tu, hata maji yakiwemo.

Nati ikalika kona zote. Nikaikamata kwa plaizi, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Bomba kuukuu la inchi mbili likakatika kwenye uzi, pale linapoingilia koki, koki ikabaki mkononi mwangu.

Maji yalitoka kwa kishindo, yakanipiga kifuani. Nikajaribu kuziba kwa gunzi nililovingirisha kitambaa; likatemwa. Nikarudi kwenye ile valvu na spana yangu ya Masasi, inateleza tu, vidole vinachubuka, maji yanakata mfereji kuelekea kwenye mihogo. Majirani wakaja na ndoo. Ndoo utajaza ngapi?

"Mpigie mtani wako," Bibi Pili akasema, amesimama na fimbo yake. Alikuwepo msibani, aliyasikia yote.

"Nitaiweza, Bibi."

Simu ilikuwa mfukoni. Nataka mlijue hilo, maana majirani hawalijui, wanasema bomba lilikuwa bovu. Nilihangaika na ule uchafu wa spana robo saa nzima, simu iko mfukoni, kwa sababu niliapa mbele za watu.

"Mwanangu," Bibi akasema tena, sauti imepungua, "mpigie."

Nikapiga. Uwesu alifika kwa bodaboda akiwa na spana yangu shingoni, kwenye kamba ile ile. Akaivua, akaibana kwenye kile kichuma, akavuta mara moja kikalia, mara ya pili kikageuka. Maji yakasita, yakakoma. Spana alikuwa ameitunza, kigurudumu kilikuwa na grisi mpya.

Akanikabidhi. "Chukua, Mama Ladislaus." Hakutaja jogoo. Nilingoja anitanie, anicheke, aniite kichwa maji, chochote. Akapanda bodaboda akaondoka. Niliumia jamani, nisiwafiche.

Bibi Pili akaomba nimpimie. Ana ufito wenye alama za makaa, kila alama mwezi mmoja. Asubuhi maji yalikuwa kwenye alama ya saba. Nikatumbukiza ufito, nikautoa, nikauangalia, nikauangalia tena. Alama moja na nusu.

"Ngapi?" akauliza. Macho yake hayaoni vizuri.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia na habari ya taya kucheza, na ya simu. Nikamwambia nitamletea ndoo mbili kila siku kutoka bondeni mpaka mvua inyeshe, na nilikuwa nalia. Akaingia ndani akiburuta mguu, akatoka na kikombe cha bati, akakichovya kwenye ndoo mojawapo ya zile za majirani.

"Kunywa, umehangaika tangu asubuhi," akasema. "Mgeni haondoki kwangu na kiu."

Nikakishika kikombe kwa mikono yote miwili, nisimwage hata tone.